Nadaiwa kwenye kadi nne za mkopo: nianze na ipi, au nichukue mkopo mmoja nizifute zote?

MzigoMzito (mleta uzi)

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Naandika namba bila sarafu kwa sababu hesabu ni ileile popote, kila mtu aweke fedha ya kwake.

Kadi A: nadaiwa 9,200, riba 24% kwa mwaka
Kadi B: 5,500, riba 30%
Kadi C: 2,100, riba 18%
Kadi D: 800, riba 21%

Jumla 17,600. Kiwango cha chini wanachotaka kila mwezi ni 280, 195, 55 na 25, yaani 555 kwa zote nne. Nikijibana natoa 800 kila mwezi bila kukosa. Benki nina akiba ya 3,000 ambayo inapata riba ya 4% kwa mwaka. Sijawahi kuchelewesha malipo, na kadi zote nimeacha kuzitumia.

Kuna wanaoniambia nianze na kadi ndogo ili nione matokeo, wengine wanasema nianze na yenye riba kubwa. Benki moja nayo iko tayari kunipa mkopo wa 17,600 kwa miaka mitano, riba 16%, nifute kadi zote nibaki na rejesho moja. Kwa macho yangu 16% ni ndogo kuliko kadi zote nne, hivyo naelekea huko. Kabla sijasaini nimeona nilete hapa.

Tumbili wa Mjini

Mkuu, saini. 16% dhidi ya 30% hapo unauliza nini tena?

JichoKali

Asisaini kwanza. Mleta uzi, wamekwambia rejesho la kila mwezi ni kiasi gani? Hiyo ndiyo namba ninayoitaka, asilimia weka pembeni.

Shangazi Hesabu

Wakati tunasubiri jibu, niliangalie hilo la ndogo kwanza au riba kubwa kwanza, maana watu hupigana ngumi kwa jambo hili bila kukaa na kalamu.

Nimechukua namba zako kama zilivyo. Riba ya mwezi ni ya mwaka kugawa kwa 12, kiwango cha chini kinabaki vilevile, na kadi hazitumiki tena. Kila mwezi unatoa 800: kadi zote zinapata kiwango chao cha chini, na zile 245 zinazobaki zinaishambulia kadi moja tu. Kadi hiyo ikiisha, hela yote iliyokuwa inaenda huko inahamia kwa inayofuata.

Ukianza na riba kubwa (B, halafu A, halafu D, mwisho C): unamaliza mwezi wa 30. Riba yote utakayokuwa umelipa ni kama 5,800.

Ukianza na ndogo (D, C, B, A): unamaliza mwezi wa 30 pia. Riba ni kama 6,320.

Tofauti ni 520 hivi kwa miaka miwili na nusu. Si hela ya kutupa, lakini si ile mbingu na ardhi watu wanayoisimulia. Tofauti kubwa iko kwingine: ukianza na ndogo, kadi ya kwanza inakufa mwezi wa 4. Ukianza na riba kubwa, unakaa hadi mwezi wa 16 bila kufunga kadi hata moja. Miezi 16 unakatwa, na kadi bado nne. Wangapi wanavumilia?

Kwa hiyo nimejaribu njia ya tatu. Ua D kwanza, kisha fuata riba: B, A, C. Mwezi wa 30 tena, riba kama 5,930. Umelipa 130 zaidi ya njia ya riba kubwa, na umepata ushindi wako mwezi wa 4. Mimi ningeifuata hiyo.

Kalamu Nyekundu

Shangazi, heshima yako, lakini 130 ni 130. Hesabu haina hisia. Mtu mzima anahitaji "ushindi" wa nini? Alipe yenye riba kubwa, basi.

Shangazi Hesabu

Mwanangu, hesabu haina hisia ila anayelipa anazo. Mwaka 2012 watafiti wawili, David Gal na Blakeley McShane, walichambua kumbukumbu za watu halisi waliokuwa wanajitoa kwenye madeni. Kilichoonyesha nani angefika mwisho kilikuwa ni akaunti alizokwisha kuzifunga, hata zikiwa na madeni madogo. Mpango mzuri kwenye karatasi unaoachwa mwezi wa tisa ni ghali kuliko 130.

Na kuna jambo la kuchekesha zaidi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa kadi za Uingereza, John Gathergood na wenzake. Waliangalia watu wenye kadi zaidi ya moja wanagawaje malipo. Hawafuati riba, wala hawaanzi na ndogo. Wengi wanagawa kwa kadiri ya ukubwa wa salio: kadi yenye deni kubwa inapewa nyingi, yenye dogo inapewa kidogo, riba haina nafasi. Kwa hiyo wakati sisi tunagombana hapa njia ipi ni bora, wengi huko nje hawafuati hata moja.

Kalamu Nyekundu

Sawa, hilo sikulijua. Bado ningelipa B kwanza.

Shangazi Hesabu

Na wewe ungefika salama. Watu kama wewe wapo.

MzigoMzito

Nimerudi wakuu. JichoKali, nimempigia afisa mikopo. Rejesho ni 528 kwa mwezi, miezi 60. Amesisitiza kwamba kwa sasa kiwango cha chini cha kadi zangu ni 555, kwa hiyo nitapata nafuu tangu mwezi wa kwanza.

JichoKali

Nilihofia hivyo. Sasa tulia usome polepole.

Mkopo wa 17,600 kwa 16%, ukiwa wa riba inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, rejesho la miezi 60 ni 428. Wewe umetajiwa 528. Hizo 100 zimetoka wapi?

Zimetoka hapa: 16% ya 17,600 ni 2,816. Zidisha mara miaka mitano, unapata 14,080. Jumlisha na mkopo, 31,680. Gawa kwa 60: ni 528 kamili, haina hata senti ya ziada. Maana yake riba imepigwa kwenye mkopo mzima kwa miaka yote mitano, kana kwamba mwaka wa tano bado unadaiwa 17,600, wakati utakuwa umesharudisha sehemu kubwa sana.

Ukiigeuza iwe riba ya salio linalopungua, yaani lugha ileile inayotumiwa na kadi zako, ni kama 26% kwa mwaka. Kadi zako zote nne kwa pamoja ni ngapi? Mwezi huu riba yake ni 184 + 137.5 + 31.5 + 14, jumla 367. Zidisha kwa 12, gawa kwa 17,600. Ni 25%.

Mkopo wa kukuokoa ni ghali kuliko kinachokuua.

Tumbili wa Mjini

Duh. Nafuta ushauri wangu wa mwanzo, mods msaidieni.

MzigoMzito

Subiri kwanza. Afisa kanidanganya?

JichoKali

Hapana, 16% aliyoitaja ipo kweli. Hakukwambia tu imepigwa juu ya nini, na wewe hukuuliza. Mrudie na maswali haya: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo mzima? Jumla nitakayorudisha hadi mwisho ni kiasi gani, pamoja na ada ya kuandaa mkopo na bima yake? Nikilipa mapema kuna faini? Riba ya miezi ambayo sitafika nasamehewa, au iko palepale? Ajibu kwa maandishi.

Hilo la ada usilidharau. Wakikata 2% tu, mkononi unapata 17,248. Kadi zako ni 17,600. Umechukua mkopo wa kufuta kadi zote na bado moja ina salio.

AfisaMstaafu

Nimefanya kazi kwenye dawati la mikopo, naongezea kidogo. JichoKali amesema kweli, ila watu wasitoke hapa wanaamini mkopo wa kuunganisha madeni ni mtego siku zote. Ukipata 16% ya salio linalopungua, bila ada kubwa wala faini ya kulipa mapema, ni kitu kizuri. Lakini angalieni linavyoweza kumgeuka mtu hata huo mzuri.

Kwa miaka mitano, rejesho ni 428. Jumla ya riba ni kama 8,080. Shangazi ametuonyesha kwamba kwenye kadi hizohizo za 24% na 30%, akitoa 800 kila mwezi, riba yote ni 5,800. Riba ndogo, gharama kubwa! Sababu ni muda. Anayependa rejesho dogo analinunua kwa miaka.

Mkopo huohuo wa 16% akiulipa 800 kila mwezi kama anavyopanga kulipa kadi, anamaliza mwezi wa 27 na riba ni kama 3,370. Hapo ndipo penye faida. Kwa hiyo kabla hujasaini jiulize: ile 372 inayobaki kati ya 428 na 800 itaenda kwenye mkopo, au itapotelea mtaani?

Nilichokiona mara nyingi pale dawatini ni hiki. Mtu anachukua mkopo, kadi zinabaki sifuri, anafurahi. Baada ya mwaka anarudi: mkopo upo, na kadi zimejaa tena. Kadi yenye salio sifuri inamwambia mtu kwamba ana hela.

BintiWaMwisho

Naomba kuuliza, mimi msomaji tu. Kwani akilipa hizo 555 bila kuongeza, si deni litaisha siku moja?

Shangazi Hesabu

Litaisha, mwanangu, kama 555 itabaki 555. Lakini kadi nyingi hazifanyi hivyo. Kiwango cha chini kinashuka kadiri deni linavyoshuka, na wewe unafurahi kwamba mzigo umepungua. Chukua kadi A peke yake, 9,200 kwa 24%, na tuseme kiwango cha chini ni riba ya mwezi huo pamoja na 1% ya salio. Huo ni mtindo wa kawaida kabisa. Baada ya miaka 10 ya kulipa bila kukosa hata mwezi mmoja, utakuwa umelipa riba ya 12,900 hivi, na bado unadaiwa 2,750.

Marekani, kwa sheria ya mwaka 2009, kampuni za kadi zinalazimika kuandika kwenye taarifa ya kila mwezi itachukua muda gani kumaliza kwa kulipa kiwango cha chini peke yake, na ulipe kiasi gani ukitaka kumaliza ndani ya miezi 36. Ukiona tarakimu hizo mbili zimekaa pamoja unashtuka. Kwingine ambako hawaandiki, mtu ajiandikie mwenyewe.

BintiWaMwisho

12,900 juu ya deni la 9,200, na bado unadaiwa. Asante Shangazi, leo silali.

Nahodha

Mbona hamzungumzii ile 3,000 iliyolala benki? Inaingiza 4%, huku kadi B inamla 30%. Kila 1,000 iliyokaa pale inampa 40 kwa mwaka na inamgharimu 300. Aitoe yote leo.

Mama Subira

Yote? Halafu mtoto akiugua Jumanne anafanyaje? Atarudi kwenye kadi hiyohiyo ya 30%.

Nahodha

Mama, akishailipa, kadi ina nafasi. Dharura ikija ataitumia, na atakuwa amerudi palepale alipokuwa, ila katikati ameokoa riba. Isipokuja, ameshinda.

AfisaMstaafu

Hoja ya Nahodha inasimama kwenye karatasi, lakini ina tundu. Kiwango unachoruhusiwa kukopa kwenye kadi si mali yako. Mwenye kadi anaweza kukipunguza au kukisimamisha, na mara nyingi anafanya hivyo wakati mambo yanapokuwa mabaya kwa watu wengi, yaani wakati uleule unaohitaji. Pia kuna malipo ambayo kadi haiyafanyi. Ukienda kutoa fedha taslimu kwa kadi, riba inaanza siku hiyohiyo, hakuna muda wa bure, na juu yake kuna ada ya kutoa.

Abaki na 1,000, mbili azitupe kwenye deni. Hiyo ni rai yangu. Mwenye kipato kinachoyumba abaki na zaidi.

Shangazi Hesabu

Nimeipiga hiyo ya Afisa. Anatoa 2,000: 800 inaiua kadi D leo leo, 1,200 inaenda B, ambayo inashuka hadi 4,300. Kisha 800 kila mwezi, B, halafu A, halafu C. Anamaliza mwezi wa 25 badala ya 30. Riba yote ni kama 4,280.

Tazama: ameokoa kama 1,500 kwa hela iliyokuwa imekaa tu. Ubishi wetu wote wa ndogo kwanza au riba kwanza ulikuwa wa 520.

Kalamu Nyekundu

Na ushindi wa kadi D ameupata siku ya kwanza bila kunipotezea 130 zangu. Sina neno tena.

MtuHuru

Mnajichosha bure. Kadi haina dhamana. Acha kulipa, wakupigie simu wachoke, mwisho watakuomba ulipe nusu. Watu wanafanya hivyo kila siku.

AfisaMstaafu

MtuHuru, nusu ya ulichosema ni kweli, na ndiyo maana ni hatari.

Ni kweli kwamba mkopeshaji anaweza kukubali pungufu, hasa deni likishakaa muda mrefu bila kulipwa na mdaiwa akiwa na mkupuo mkononi. Usichosema ni kinachotokea katikati: faini za kuchelewa, mahali pengine riba inapandishwa, jina linaharibika kwenye kumbukumbu za mikopo kwa miaka, deni linauzwa kwa wakusanya madeni, na mkopeshaji ana haki ya kwenda mahakamani. Mahakama ikiamua, mshahara na mali vinaweza kuguswa kwa kadiri sheria ya mahali inavyoruhusu. Na kuna nchi, Marekani mojawapo, ambako sehemu ya deni uliyosamehewa inaweza kuhesabiwa kama kipato na kutozwa kodi.

Hiyo ni njia ya mtu ambaye kweli hana. Huyu ana 800 kila mwezi na hajawahi kuchelewa. Kwa nini ajichome?

Lakini kwa wanaosoma ambao kweli hawana: pigeni simu KABLA ya mwezi wa kwanza kukosa. Mkopeshaji anamsikiliza tofauti mtu anayesema "mwezi ujao sitaweza" na mtu ambaye hapokei simu tangu mwaka jana. Omba riba ipunguzwe kwa muda, omba faini zisimamishwe, omba ratiba mpya. Mkikubaliana, upate barua kabla ya kutoa hata senti.

JichoKali

Na msiwape hela wale wanaojitangaza kwamba watakupatanisha na wadai wako kwa ada ya kulipwa kwanza. Wengi wanakuambia uache kulipa kadi, ulipe kwao. Ada wamechukua, kadi hazijalipwa, mpatanishi hapokei simu. Marekani walilazimika kuweka kanuni mwaka 2010 inayokataza makampuni yanayouza huduma hiyo kwa simu kuchukua ada kabla ya kupatanisha angalau deni moja. Unachokwenda kuombewa unaweza kukiomba mwenyewe bure.

Tumbili wa Mjini

Je, akiweka nyumba dhamana? Hapo benki itampa hata 12%.

Mama Subira

Ewe Tumbili, ulikuwa umefuta ushauri wako, endelea kuufuta.

AfisaMstaafu

Mama kamaliza. Naongeza sentensi moja: leo akishindwa kadi anapoteza jina, akihamishia deni kwenye nyumba akashindwa anapoteza nyumba. Deni ni lilelile, umebadilisha tu kinachochukuliwa. Wapo waliofanya wakafanikiwa, ni watu wenye kipato cha uhakika na nidhamu ya chuma. Hao kwa kawaida hawaulizi.

BintiWaMwisho

Na zile kadi zinazosema hamishia deni lako huku, mwaka mzima bila riba?

JichoKali

Zikipatikana unapoishi, nzuri sana kwa mtu mwenye mpango. Angalia ada ya kuhamisha: ikiwa 4%, kuhamisha ile 5,500 ya kadi B ni 220 papo hapo, na kadi B kwa sasa inakula 137.5 kwa mwezi, kwa hiyo ada inarudi kabla ya miezi miwili. Gawanya deni kwa miezi ya bure ujue kama unaweza kulimaliza, maana mwezi wa 13 riba ya kawaida inaanza. Usinunue kitu kwa kadi hiyo. Na usichelewe hata siku moja, mara nyingi ukichelewa ofa inakufa.

MzigoMzito

Wakuu, nimeyasoma yote. Nimemrudia afisa na maswali ya JichoKali. Kakiri riba inapigwa kwenye mkopo mzima, na kuna ada ya kuandaa pamoja na bima. Nilipomuuliza kama wana mkopo wa salio linalopungua akasema upo, ila kwa mtu wa daraja langu ni 22%. Nikashukuru, nikaondoka.

Nimeamua hivi. 2,000 zinatoka kwenye akiba leo: D inafutwa, B inapata 1,200. 1,000 inabaki na siigusi. Kuanzia mwezi ujao B, A, C kama Shangazi alivyopanga, 800 bila kupungua. Malipo ya kiwango cha chini ya kadi zote nimeyaweka yajikate yenyewe ili nisisahau. Pia nitawapigia watu wa kadi B niombe riba ishuke. Wakikataa sijapoteza kitu.

Swali moja limebaki. 22% ya salio linalopungua, kwa A na B peke yake, ina maana?

Shangazi Hesabu

Kwa B, 30 kwenda 22, ina maana. Kwa A, 24 kwenda 22, ada itaimeza faida karibu yote. Waulize kama wanatoa mkopo wa 4,300 peke yake kwa muda usiozidi mwaka mmoja na ada yake ni kiasi gani. Kwa mpango wako B inakufa mwezi wa 11, na riba yake yote hadi hapo ni kama 650. Ada na bima vikifika 100, unajisumbua kwa faida ndogo sana. Mimi nisingehangaika.

Mama Subira

Mwanangu, na mwenzako nyumbani anajua? Sikulazimishi kujibu. 800 kila mwezi kwa miaka miwili haifichiki, na bajeti ya mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wawili haishiki.

MzigoMzito

Anajua, Mama. Yeye ndiye aliyeuliza kwanza rejesho la benki ni kiasi gani, kabla ya JichoKali.

JichoKali

Basi mwambie ninamsalimu, angefaa kuwa afisa mikopo.

Nahodha

Jambo dogo la mwisho. Riba ya kadi nyingi inahesabiwa kwa siku. 24% kwa mwaka ni kama 0.066% kwa siku. Lipa siku mshahara unapoingia, usingoje tarehe ya mwisho. 800 ikiwahi siku 15 inaokoa karibu 8. Ni hela ya kuchekesha, lakini inajirudia kila mwezi, na fedha iliyokwisha kulipwa haiwezi kutumika kwa kitu kingine.

AfisaMstaafu

Na leo ukiilipa D, usishangae mwezi ujao ikaja na kidogo tena. Taarifa yako inaonyesha 800 ya siku ilipotolewa. Kati ya siku hiyo na siku unayolipa, riba iliendelea kuhesabiwa. Watu wanalipa 800, wanaitupa kadi droo, 9 au 10 inabaki, inachelewa, inapigwa faini, na jina linachafuka kwa deni ambalo mtu anadhani alishalimaliza. Piga simu uwaulize kiasi cha kufunga deni kwa tarehe ya leo, lipa hicho, halafu subiri taarifa mbili zije na sifuri.

MzigoMzito

Nimepiga sasa hivi. Wamesema 807. Nalipa.